Kuweka chuma chini katikati ya seti: kinachotokea ndani ya msuli

Ubishi huu unasikika karibu kila jimu ya Mwanza, iwe ya mjini yenye mashine na vioo ukutani, au ya uani kule Igoma na Mabatini ambako uzito ni zege lililomiminwa kwenye makopo ya rangi na nondo ikapitishwa katikati. Kijana ananyanyua mara tatu, anarudisha chuma kwenye nguzo zake, anahesabu hadi kumi na tano, kisha ananyanyua tena mara tatu. Wenzake wanamwambia anadanganya mazoezi. Yeye anajibu kwamba ameona kwenye simu mabingwa wakifanya hivyo hivyo. Wa tatu anadakia kuwa ambaye mikono yake haijatetemeka na msuli wake haujawaka moto, huyo hajafanya kitu.

Ubishi hauishi kwa sababu kila mmoja ana pumziko lake kichwani na lengo lake moyoni, na hakuna anayemuuliza mwenzake anazungumzia lipi. Tuanze na maneno, kisha tuingie ndani ya msuli.

Mnyanyuo mmoja ni kushusha uzito na kuupandisha mara moja. Pushapu moja ni mnyanyuo mmoja, skwati moja vilevile. Seti ni minyanyuo kadhaa inayofuatana, tuseme minane au kumi na miwili, kabla ya kukaa chini. Kwa hiyo kuna mapumziko ya aina tatu. Lipo la siku hadi siku, ambalo hatuligusi leo. Lipo la kati ya seti na seti, dakika moja hadi tano, ambalo kila mtu analijua. Na lipo la tatu, lenye kuleta ugomvi: pumziko fupi la ndani ya seti, sekunde kumi hadi arobaini na tano hivi, baada ya kila mnyanyuo au baada ya kila minyanyuo miwili mitatu. Hilo la tatu ndilo mada yetu.

Uchovu nao unahitaji kuelezwa, maana watu huuchanganya na maumivu. Kwa wanaopima nguvu, uchovu ni kushuka kwa uwezo wa msuli kutoa nguvu ile ile iliyoitoa mwanzo. Chuma ulichokipandisha haraka kwenye mnyanyuo wa kwanza, kwenye wa saba kinapanda polepole ingawa unajitahidi zaidi. Hiyo kasi inayopungua ndiyo sura ya uchovu, na ndiyo maana maabara za michezo hufunga kifaa kwenye chuma na kupima kasi ya kila mnyanyuo. Kuwaka moto, kutetemeka na kulowa jasho vinaweza kuambatana nao, lakini si vyenyewe.

Sasa, kwa nini kasi inashuka? Msuli unaendeshwa na kemikali inayoitwa kwa kifupi ATP. Iliyopo tayari ndani ya msuli ni kidogo sana, inatosha kazi ya nguvu zote kwa sekunde chache tu. Karibu nayo kuna akiba ya pili, kreatini fosfeti, ambayo kazi yake ni kuirudisha ATP mara inapotumika. Ukifanya kazi ya nguvu zote, sehemu kubwa ya akiba hiyo inakwisha ndani ya takribani sekunde kumi. Baada ya hapo msuli unategemea zaidi kuvunja sukari, njia ambayo inatoa nishati kwa kasi ndogo zaidi.

Wanaoishi kwenye nyumba za milimani hapa jijini, zile zilizokaa juu ya miamba, wanalijua tangi la maji lenye bomba jembamba la kuingizia na koki pana ya kutolea. Ukifungua koki kwa nguvu, maji yanatoka vizuri kwa muda mfupi, halafu yanakuwa ya kuchuruzika, kwa sababu bomba la juu haliwezi kushindana na koki ya chini. Ukiifunga koki kila baada ya ndoo moja, ndoo ya kumi itajaa kwa kasi inayokaribia ya kwanza. Kreatini fosfeti hufanya vivyo hivyo. Ukipumzika sekunde 30, takribani nusu ya iliyotumika inarudi. Ili irudi karibu yote, inahitaji dakika tatu hadi tano. Sekunde kumi na tano peke yake zinarudisha kama robo hivi, pengine zaidi kidogo, na huo si mchango mdogo kwa mtu aliyebakiza minyanyuo minne.

Kuna jambo moja la lazima hapo. Akiba hiyo hairudi bila oksijeni. Mwaka 1976 watafiti walizuia damu isiingie kwenye misuli iliyokwisha kuchoka, kwa kuifunga kwa mkanda wa hewa, na kreatini fosfeti haikurudi hadi damu iliporuhusiwa kupita. Msuli uliokaza kwa nguvu hujizibia damu wenyewe, kwa kuwa unaibana mishipa inayopita ndani yake. Pumziko la kweli ni lile linaloulegeza msuli.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na naona ni kosa linalostahili kuongelewa zaidi ya mengine yote. Mtu anasimama na chuma mabegani katikati ya skwati, anavuta pumzi tatu, anaamini amepumzika. Hajapumzika. Mgongo unafanya kazi, mapaja yanafanya kazi, damu bado inapita kwa taabu. Vilevile anayebaki juu kwenye pushapu akiwa amenyoosha mikono: kifua kimepata nafuu kidogo, lakini mabega na tumbo bado vina mzigo. Kama huwezi kuuweka uzito chini, au magoti chini kwenye pushapu, basi ulichofanya ni kurefusha kazi tu.

Nendeni Mwaloni pale Kirumba asubuhi dagaa wanapopakiwa. Mbebaji anatia gunia begani, anapanda ubao hadi kwenye lori, anatua, kisha anarudi mikono mitupu kuchukua lingine. Kule kurudi ndiko kunakomfikisha mchana. Hakuna aliyemfundisha kwa kitabu, ni kazi yenyewe iliyopangwa hivyo: mzigo, kisha hatua kadhaa bila mzigo, kisha mzigo tena. Mwambie mtu huyo huyo asimame na gunia moja begani bila kulitua, na ataomba msaada mapema sana, ingawa jumla ya alichobeba ni ndogo mno. Wapiga makasia wa mitumbwi ya Ukerewe nao wana kapumziko kao kila kasia linapotoka majini kurudi mbele. Ni chini ya sekunde mbili, lakini msuli unalegea na damu inapita. Kwa hiyo hata seti ya kawaida tunayoiita ya mfululizo ina vipumziko vidogo ndani yake. Swali halisi ni virefushwe kiasi gani.

Kuishiwa akiba si sababu pekee ya uchovu. Kreatini fosfeti inapovunjika huacha fosfeti, na fosfeti ikijazana inapunguza uwezo wa nyuzi za msuli kuvutana. Kalsiamu, ambayo ndiyo inayouambia msuli ukaze, huanza kutolewa kwa upungufu. Ubongo na neva navyo hupunguza msukumo wao. Yote haya yanapata nafuu kwa kupumzika, mengine kwa sekunde, mengine kwa dakika, na mengine hadi kesho.

Mwenye haraka atauliza: basi ipi bora? Jibu linategemea unalotafuta, na ushahidi wenyewe una pande mbili. Nitauweka wote.

Upande wa kasi hauna utata. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwapima wanyanyuaji wakivuta chuma kutoka sakafuni, seti moja ikiwa ya mfululizo na nyingine ikiwa na sekunde 30 kati ya mnyanyuo na mnyanyuo. Chuma kilipanda kwa kasi zaidi pale walipopumzika. Tafiti nyingi za baadaye zimerudia picha hiyo hiyo, hata pale jumla ya muda wa kupumzika ilipobaki sawa. Chukua mfano wa hesabu: seti tatu za minyanyuo 12, ukipumzika dakika mbili kati ya seti, zina minyanyuo 36 na dakika nne za mapumziko. Gawa minyanyuo hiyo 36 kwa vikundi vya minne minne, unapata vikundi tisa vyenye mapumziko manane ya sekunde 30. Ni dakika nne zile zile. Uzito ni ule ule, na saa ya kutoka jimu ni ile ile, lakini minyanyuo yako ya mwisho itakuwa na kasi na umbo zuri kuliko ya mwenzako anayepambana na ya kumi na mbili huku mgongo umepinda.

Kwa nguvu za muda mrefu, mambo yanakuwa mazito. Mwaka 1994 watafiti wa Australia waliwagawa watu 42. Kundi moja lilikunja mikono na uzito mkubwa, minyanyuo sita hadi kumi bila kupumzika, na kundi la pili likafanya idadi hiyo hiyo kwa uzito wa kiwango kile kile likipumzika sekunde 30 kila mnyanyuo. Baada ya wiki sita, wasiopumzika walikuwa wameongeza nguvu kwa asilimia 56, waliopumzika kwa asilimia 41. Wanaopinga mapumziko huushika utafiti huu kwa mikono miwili. Lakini mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walifanya jaribio lao la wiki tisa kwa misuli ya mapaja. Kundi moja lilifanya seti nne za minyanyuo kumi na kupumzika sekunde 30 kati ya seti, lingine likafanya minyanyuo 40 na kupumzika sekunde 30 baada ya kila mmoja. Mwishoni nguvu zao zilikuwa zimeongezeka kwa kiasi kinachokaribiana, ingawa kundi la pili halikupitia mateso ya la kwanza. Mapitio ya mwaka 2021 yaliyokusanya tafiti za aina hii nayo yaliona kwamba, kwa jumla, mtindo huu na ule wa kawaida hutoa nguvu na ukubwa wa misuli unaokaribiana.

Mimi nausoma ushahidi huu hivi. Ukimpa mtu pumziko, halafu ukambakiza kwenye uzito ule ule na idadi ile ile, umemrahisishia zoezi. Ana nguvu zilizobaki ambazo hakuzitumia. Haishangazi basi kwamba katika jaribio la Australia walibaki nyuma. Pumziko la ndani ya seti lina maana pale linapokuwezesha kufanya kitu ambacho usingeweza bila hilo: kuongeza uzito kidogo, kuongeza minyanyuo miwili mitatu yenye umbo zuri, au kukisukuma chuma kwa kasi kubwa hadi mwisho. Yule kijana wa mwanzo, kama ana uzito ambao angeweza kuunyanyua mara kumi na tano mfululizo bila shida, na bado anapumzika kila baada ya mara tatu, wenzake wana haki ya kumsema. Kama ni uzito ambao kwa kawaida anauweza mara tano tu, na kwa mtindo huu anafikisha kumi, wamwache.

Jambo hili la uzito mwepesi na mzito ni muhimu sana kwetu, hasa jimu za uani. Msuli una nyuzi ndogo zinazoitwa kazini kwanza, na nyuzi kubwa zenye nguvu zinazoitwa baadaye mzigo unapozidi. Uzito ukiwa mkubwa, nyuzi nyingi zinaitwa tangu mnyanyuo wa kwanza, kwa hiyo huhitaji kuchoka sana ili zifanye kazi. Uzito ukiwa mdogo, nyuzi kubwa zinaitwa pale tu zile ndogo zinapochoka. Watafiti wa Kanada walionyesha mwaka 2012 kwamba hata uzito wa asilimia 30 tu ya uwezo wa mtu unaweza kukuza msuli sawa na wa asilimia 80, ilimradi aufanye hadi ashindwe. Kwa hiyo mwenye makopo mawili ya zege yasiyoongezeka uzito, na anayetaka msuli ukue, asipumzike ndani ya seti. Uchovu ndio utakaomsaidia. Mwenye chuma cha kutosha, anayetafuta nguvu au kasi, huyo pumziko linamfaa.

Anayecheza mpira yuko kundi hilo la pili. Vijana wanaoota kuvaa jezi ya Pamba Jiji mara nyingi huingia jimu na kujichosha kama watunisha misuli, kisha wanashangaa miguu mizito uwanjani. Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliolinganisha makundi mawili ya wanaume waliofanya skwati kwa wiki nane. Kundi moja lilisimamisha seti pale kasi iliposhuka kwa asilimia 20, jingine liliendelea hadi ishuke kwa asilimia 40. Nguvu ziliongezeka sawa. Walioacha mapema waliruka juu zaidi, ingawa walifanya minyanyuo michache sana kuliko wenzao. Waliojichosha zaidi walipata misuli mikubwa zaidi. Mchezaji wa pembeni anahitaji lipi kati ya hayo mawili? Kwangu jibu ni wazi, na makocha wa vijana wangelifanyia kazi.

Sasa yale yanayosemwa vijiweni.

Kwamba maumivu ya kesho yake yanaletwa na asidi ya laktiki iliyobaki msuleni: si kweli. Laktiki inayozalishwa wakati wa mazoezi huondoka ndani ya saa moja hivi, na moyo na misuli mingine huitumia kama chakula. Maumivu yanayofikia kilele siku ya pili yanatokana na michubuko midogo ya nyuzi na uvimbe wake, hasa kwa zoezi usilolizoea. Kwa hiyo kutopumzika hakukupi dalili yoyote ya kesho kwamba umefanya vizuri.

Kwamba ukipumzika sekunde ishirini msuli utapoa: msuli uliokwisha kupashwa haupoi kwa sekunde ishirini, wala kwa dakika tatu, tena kwenye joto letu hili.

Kwamba pumziko fupi kati ya seti ni bora kila wakati kwa kukuza misuli: mwaka 2016 wanaume 21 waliokuwa na uzoefu wa mazoezi walifuatiliwa kwa wiki nane, wengine wakipumzika dakika moja, wengine dakika tatu. Wa dakika tatu ndio walioongeza nguvu na ukubwa zaidi, kwa sababu kila seti waliianza wakiwa na nguvu za kutosha.

Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni shinikizo la damu. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliingiza kipimo ndani ya mshipa wa mkono wa watunisha misuli na kuwapima wakisukuma mashine ya miguu hadi kushindwa. Wastani wa shinikizo ulifika 320 kwa 250. Mtu aliyetulia huwa karibu na 120 kwa 80. Kwa kijana mwenye afya hali hiyo hupita ndani ya sekunde. Lakini shinikizo hupanda mnyanyuo kwa mnyanyuo kadiri seti inavyoendelea, na hupanda zaidi mtu anapobana pumzi. Mama wa miaka 55 aliyeambiwa kliniki aanze mazoezi ya nguvu, au mzee anayemeza dawa za presha, hana sababu ya kusukuma hadi mikono itetemeke. Afanye minyanyuo miwili au mitatu ya uzito wa wastani, aweke chini, avute pumzi, aendelee, na atoe hewa kila anaposukuma. Na kabla ya hapo amwonyeshe daktari wake mpango wenyewe.

Kwa anayetaka kujaribu, chagua zoezi moja tu kwanza. Chukua uzito unaoumudu mara sita mfululizo. Nyanyua mara mbili, weka chini kabisa, pumzika sekunde 15 hadi 20 kwa saa ya ukutani na si kwa kukisia, kwa kuwa sekunde za mtu aliyechoka hurefuka zenyewe. Rudia hadi ufikishe minyanyuo minane au kumi. Hiyo ni seti moja. Pumzika dakika mbili au tatu, ufanye nyingine mbili. Ukiona kasi ya kikundi cha mwisho inakaribia ya kwanza kwa mazoezi mawili yanayofuatana, ongeza uzito. Ukiona inadorora kuanzia kikundi cha tatu, ongeza sekunde kabla ya kupunguza uzito.

Kwa pushapu, kama ishirini za mfululizo zinakufanya tumbo lining'inie kuanzia ya kumi na mbili, fanya nne nne mara tano ukipumzika sekunde kumi, magoti yakiwa chini. Baada ya wiki chache jaribu zote ishirini kwa pamoja uone tumbo linaanza kushuka wapi.

Tahadhari moja kwa mabenchi yetu ya kuchomelea. Mtindo huu unakufanya uondoe chuma kwenye nguzo na kukirudisha mara nne au tano ndani ya seti moja, na kila kurudisha ni nafasi ya kukosea ndoano, hasa nguzo zikiwa hazilingani urefu. Awepo mtu wa kusimama kichwani pako. Kama hayupo, fanya kwa mazoezi ambayo chuma kinaanzia sakafuni, kama kukivuta kutoka chini, ambako ukichoka unakiacha tu.

Na anayejiandaa kwa mashindano ya kupiga makasia, au kazi yoyote inayodai kuvumilia dakika nyingi bila kusimama, asifanye mazoezi yake yote kwa mtindo huu. Mwili huzoea unachozoeshwa, naye anahitaji kuzoea kuvuta kasia akiwa tayari amechoka.